Chama na Kipimo cha Watoto Wazima

Chama, fundi wa bati katika komini iitwayo Kenya, mtaa wa mjini na si nchi, alihudhuria mikutano ya wazazi miaka sita bila kufungua kinywa. Alikaa benchi la mwisho, kofia magotini, na mkutano ukiisha alitoka kabla watu hawajaanza kusalimiana. Haikuwa kiburi. Yeye aliishia darasa la sita, na mbele ya wazazi waliochanganya Kifaransa kila sentensi, ulimi wake uligoma.

Lakini mwaka ule wa korona, jambo lililoletwa mkutanoni lilimhusu yeye moja kwa moja. Direkta Clément, mkuu wa shule, alieleza kwamba wauguzi wako tayari kuja shuleni kila Jumatatu, wawapime watoto wote kwa kijiti cha puani, hata wasiokohoa. Atakayekutwa na virusi atakaa nyumbani siku kumi na nne. Wazazi waamue.

Chama alihesabu siku kwa vidole chini ya kofia. Mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umebakiza wiki kama tatu, na binti yake Léa alikuwa darasa la sita. Kijiti kimoja tu, na mtoto angepoteza mwaka. Lakini Léa alilala kitanda kimoja na bibi yake, Edith, mama mzazi wa Chama, mwenye kifua kibovu, aliyemlea tangu mke wa Chama alipofariki. Bila kipimo, nani angejua mtoto anamletea nini bibi yake usiku?

Mama Ngalula, muuza vitenge, alisimama wa kwanza.

"Direkta, mutoto wangu Ariel anakula bukari sahani mbili, anacheza mpira, analala muzuri. Munamutafutia ugonjwa ya nini?"

Watu walicheka.

"Hii ugonjwa inakaa hata kwa ule anakula sahani tatu, mama," baba mmoja akamjibu.

"Na kipimo ikisema uongo?" aliuliza mwingine.

"Inaweza kukosea," Direkta akakubali. "Siwafiche."

Kelele zikapanda. Chama alijikuta amesimama, bila kujua miguu yake iliamua lini.

"Miye natengeneza ndoo," alisema.

"Sema kwa nguvu, Baba Léa, huku hatusikie," mtu wa benchi la mbele akaita.

"Natengeneza ndoo. Kila moja naijaza maji, naiacha mpaka asubuhi, hata ile inaonekana muzuri. Kwa macho, zote ziko nzima."

"Baba Léa, batoto yetu haiko ndoo," Mama Ngalula alimkatiza, na kicheko kikazunguka chumba.

Siku nyingine angekaa chini. "Ni kweli, mama. Lakini ile inavuja siitupe. Naiweka pembeni, naziba tundu, inaenda sokoni na zingine." Alimgeukia Direkta. "Kipimo siogope. Naogopa siku kumi na nne. Mutoto mwenye atapatikana, mumupatie chumba yake siku ya mtihani. Mukikatala hiyo, na miye nakatala kipimo."

Mama Ngalula aliitika kwa kichwa.

"Sasa hapo umesema," alisema, akakaa.

Direkta alikwenda kuomba ruhusa kwa wakubwa wake na kwa wauguzi. Chumba cha pembeni kikapatikana, chenye madirisha mapana. Wazazi wakainua mikono, vipimo vikaanza.

Jumatatu ya pili, siku tisa kabla ya mtihani, Léa alikutwa na virusi. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alikuwa ametoka kuruka kamba. Bibi naye alipimwa, akakutwa salama. Chama alitandika godoro kwenye karakana yake, akamhamishia mtoto huko, na yeye akalala nje ya mlango.

"Papa, sasa nani atanifundisha?" Léa aliuliza, macho yamejaa maji juu ya barakoa.

Chama alijifuta mikono kwenye suruali. Darasa la sita ndipo alipofika. Mwaka ujao mtoto angekuwa amempita. Wiki ile bado walikuwa sawa.

"Leta kitabu," alisema.

Alikaa mlangoni, naye Léa ndani kabisa, wakasomeshana kwa sauti. Hesabu za sehemu alizijua, maana kila siku aligawa bati nusu, robo, theluthi. Kifaransa kilimshinda. Léa alimsahihisha, akacheka mpaka akasahau kulia. Kila jioni bibi Edith alisimama ng'ambo ya barabara, akaita, "Léa, umekula?"

"Nimekula, nkambo."

"Umekula nini?"

Mtoto alitaja kila kitu, mpaka chumvi, ndipo bibi akakubali kurudi nyumbani.

Siku ya mtihani, watoto wanne walikaa chumba cha pembeni, madirisha wazi, kila mmoja kona yake. Ariel alikuwa mmoja wao. Chama na Mama Ngalula walisimama nje, hatua chache kutoka dirishani.

"Hata kikohozi hana, Baba Léa," Mama Ngalula alinong'ona. "Hata kimoja."

"Na wangu hana."

Mama Ngalula alikuwa mfupi. Ukingo wa dirisha ulimzidi.

"Wewe uko murefu. Wanafanya nini?"

Chama alinyoosha shingo. Léa alikuwa ameinama, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa barakoa iliyoteremka, mkono unakwenda bila kusimama.

"Wanaandika," alisema. "Bote wanaandika."