Nilivyomtania marehemu Gaudensi mbele ya askari wenye bunduki

Wakuu, za mapumziko. Leo sina siasa wala mpira. Nina msiba, na naomba mcheke, maana mwenyewe angecheka. Haya nimeyaona kwa macho yangu. Chumvi niliyoweka ni ya kuonja tu.

Mimi ni Mnyamwezi niliyezaliwa Sumbawanga. Mzee ana duka la vipuri vya baiskeli Majengo. Gaudensi alikuwa Mfipa wa Mwimbi, akapanga chumba Mazwi, hapa mjini, ili asome. Tulikaa dawati moja sekondari nzima.

Kwa wasiojua: Mnyamwezi na Mfipa ni watani. Namtukana mchana kutwa na hakuna wa kunishtaki. Na mmoja akifa, kazi ya mtani ni kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza pale pale msibani, ili wafiwa wapumue kidogo.

Sasa huyu jamaa alikuwa mzito, sijapata kuona. Kengele ya chai ikilia sisi tunakimbia, yeye kwanza anafunga kitabu, anakipangusa, ndipo anainuka. Akifika anakuta masufuria yanaoshwa.

Aliposema anaenda jeshini nilimwambia, "Wewe vita vitaisha bado unatafuta soksi."

Akanijibu, "Basi nitawahi amani."

Akaenda kweli. Tena akadumu! Baadaye akapelekwa nje kulinda amani, na mwaka jana kambi yao ikavamiwa. Simu ilinikuta dukani nafunga tairi. Nilikaa chini nikalia mbele ya wateja, na sioni aibu kuwaambia.

Askari walimleta Mwimbi. Sanduku limefungwa, bendera juu, na amri ni kwamba halifunguliwi.

Muda wa kwenda kaburini ulipofika, mama yake akasimama mbele ya sanduku. Tangu taarifa ifike alikuwa hajadondosha chozi.

"Mimi siziki mbao," akasema. "Nionesheni mwanangu, au mniambie nitajuaje kuwa ni yeye."

Afande aliyeongoza msafara akaeleza kwa upole. Baba wadogo wakabembeleza. Padri naye akajaribu. Mama hakusogea hata kidogo, na nani angemsukuma?

Mara macho yake yakanipata mimi nyuma ya watu.

"Na wewe mtani, umekuja kula tu?"

Wakuu, kumtania Mfipa nimezoea, ila si mbele ya bunduki zile zote. Lakini mama ameshaniita. Nikaingia ndani, nikavaa koti la marehemu na gumbuti zake za shamba, nikatoka napiga kwata ya Gaudensi: mkono wa kulia na mguu wa kulia vinatoka pamoja, kisha wa kushoto na wa kushoto. Shuleni walimtoa kwenye gwaride kwa kosa hilo.

Nikapiga saluti ya mkono wa kushoto. "Afande, nimechelewa hata kaburini! Nilikuwa natafuta soksi!"

Sikumaliza. Askari wawili walinidaka, mmoja kwapa hili, mwingine lile, nikaninginia hewani, gumbuti moja ikabaki chini. Kina mama wakapiga kelele, "Mwacheni, ni mtani wetu huyo!" Afande akatuangalia wote kama anatafuta mwenye akili timamu, kisha akaashiria niachwe.

Hapo askari mmoja kijana kwenye mstari akaanza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, kajibana mpaka machozi yanamtoka.

"Samahani, afande," akasema. "Alikuwa anatembea hivyo hivyo. Tulilala hema moja."

Akamgeukia mama. "Shikamoo, mama. Naomba kuuliza, Matrida yupo? Tulitaka kumpa pole."

"Matrida gani?"

"Mke wake, mama. Hakutuambia kama ameoa, ila akiwa usingizini alikuwa anamgombeza. 'Matrida, vuta! Matrida, geuka, unaniharibia shamba!' Tulikuwa tunamwonea huruma sana huyo dada."

Wakuu, Matrida ni ng'ombe wao wa kulimia.

Msiba ulipasuka. Baba mdogo mmoja alikaa chini kabisa. Padri aliinamisha uso kwenye kitabu, mabega yanacheza. Kijana wa watu kabaki kasimama, hajui kakosea wapi.

Mama alicheka kashika tumbo. Na kicheko hicho hicho kikageuka kilio, akalia sana, akaweka kiganja juu ya bendera.

"Ni yeye," akasema. "Haya, tumzikeni mwanangu."

Nilichojifunza ni kwamba maelezo ya afande yalikuwa sahihi yote, ila mama alihitaji mtu aliyemsikia mwanawe akiota. Na tafadhali, msije mkamzuia mtani msibani.

Kama kuna uliyesoma naye akaondoka na sare, mwandike hapa chini, tena na vituko vyake. Na nyie Wafipa njooni mnitukane, maana aliyekuwa akiifanya kazi hiyo vizuri tumemzika Mwimbi.