Bampa la Baba Watoto

Kabla ya kuajiriwa na halmashauri kukagua magari, Mama Futi alikuwa fundi cherehani kwa miaka kumi na miwili. Siku yake ya kwanza kazini alipima lori la mchanga kwa futi ya kushonea, kipande kwa kipande, na kwa mazoea akaandika kwenye fomu: urefu, kifua, kiuno. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Walimpa futi ndefu ya ofisi, na jina likamganda.

Sheria mpya ilikataza gari la biashara linalozidi mita sita kulala kwenye mitaa ya makazi. Mtaani kwake alikwisha kuondoa malori manne. La tano lilikuwa limeegeshwa mlangoni pake, na lilikuwa la mumewe.

Jumamosi asubuhi majirani wote walijikuta wana shughuli barabarani. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, ambaye ndiye aliyepeleka malalamiko, alitoa kiti kabisa.

"Shemeji, leo tuone kama futi yako ina ndugu."

Mama Futi alijua kuwa akimwonea haya mumewe, hakuna dereva atakayemsikiliza tena. Alimpa ncha moja ashike, akavuta nyingine hadi kwenye bampa.

"Mita sita na sentimita kumi na nane."

"Pima tena, mama watoto. Chuma hutanuka kwa jua."

"Jua lenyewe liko wapi, baba watoto?"

Watu wakaangua kicheko. Akaandika notisi ya siku saba, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama anayempa mteja suruali yake.

Kilichozidi ni lile bampa la mbele. Mume alilifunga mwenyewe mwaka waliooana, akalipaka maua mekundu, na kila alipoosha lori alianzia hapo. Siku tatu alizidi kuliosha. Ya nne, mkewe akamwekea chai.

"Mteja akinenepa, fundi haiambii suruali ivumilie. Anatafuta pa kufumua."

"Kwa hiyo nimenenepa?"

"Lori lako. Wewe tutakuzungumzia siku nyingine."

Mume alijikaza asicheke, akashindwa. Jioni akatoka na spana.

Jumamosi iliyofuata futi ilisoma mita tano na sentimita tisini na sita. Mwalimu alivaa miwani, akasoma mwenyewe, akarudia, kisha akakubali kwa kichwa. Lori likabaki.

Bampa lililazwa juu ya matofali kando ya mlango, maua yakitazama barabara. Wa kwanza kulikalia alikuwa mwalimu.

"Na hili limeegeshwa kwa kibali cha nani?"

Mama Futi alichungulia chini yake kwa makini, futi mkononi.

"Halina magurudumu, shemeji. Sogea nami nikae."