Muuza nyama aliyepigiwa makofi kanisani

Jua halijakaa sawa angani, na fundi nguo tayari amesimama mbele ya bucha. Hanunui. Hakai. Anahamia mguu huu, anahamia mguu ule, tepu ya kupimia ikimzunguka shingoni.

"Shikamoo mama," mwenye bucha anasema bila kuinua macho. "Umekuja tena kutafuta kondoo? Yupo hapa ananing'inia. Nikukatie paja?"

Wateja wanaangua kicheko. Mama anaitikia marahaba, basi.

Wanamwita Mama Pindo, maana hata umpelekee suruali mpya ya dukani, lazima aligeuze pindo alikague. Ndiye anayeliongoza kanisa la mabati nyuma ya gereji tangu mchungaji wao ahamishwe. Hakusomea kazi hiyo. Wazee walimwambia tu, "Tushikie kwa muda, mama." Na hilo neno "kwa muda" mnalijua wenyewe. Ukilikubali, mnazeeka pamoja.

Huyo mwenye bucha, Kisu, alikuwa muumini wake. Akaadimika Jumapili nyingi. Siku aliyotokea tena, Mama Pindo alikuwa akifundisha habari ya yule mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja. Furaha ikampanda kichwani, akamwita Kisu mbele.

"Huyu hapa kondoo wetu aliyepotea! Mpigieni makofi!"

Watu wakapiga, na vigelegele juu. Mama wa watu alidhani amempa mtu heshima. Lakini heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kesho yake mtaa mzima ukawa unamwita Kondoo. Jamani, muuza nyama kuitwa Kondoo! Hajakanyaga kanisani tena.

Leo wateja wanapopungua, Mama Pindo anasogea.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba urudi."

"Nirudi kutoka wapi? Mimi sikupotea, mama." Kisu anafuta mikono kwenye aproni. "Mke wangu amepooza upande mmoja. Nilikuwa namwogesha, nampikia, namgeuza kitandani. Si aliimba kwaya yenu miaka yote? Nani alikuja kubisha hodi?"

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

Hapo Mama Pindo anavuta kreti la soda, anakaa, anainuka tena.

"Yule mchungaji wa kwenye Biblia alitoka," anasema baadaye njiani, akitembea upesi hata kumfuata ni shida. "Alikwenda porini, akambeba mabegani. Mimi nilikaa kwenye kiti nikamngoja aje mwenyewe, halafu nikampigia makofi. Makofi! Sasa hata cherehani nikikanyaga, moyo hautulii."

Haendi kazini. Anakwenda moja kwa moja nyumbani kwa Kisu.

Chumba kina kitanda, beseni, na pazia ambalo pindo lake limefumuka. Anaanza kulishika, kisha analiachia. Leo hakuja kwa pazia.

"Umechelewa," mgonjwa anasema, maneno yakimtoka polepole.

"Nimechelewa, dada yangu. Nisamehe."

"Sauti ya pili anaimba nani siku hizi?"

"Hakuna."

"Nilijua. Nawasikia hadi hapa. Mnalia kama bawaba za mlango."

Wanacheka mpaka mgonjwa anakohoa. Mama Pindo anamwinua, anampangusa mdomo, na yeye mwenyewe anapangusa macho.

Wazee wa kanisa walishamwonya kwamba kiongozi akiomba radhi mbele ya watu, kiti chake huyumba.

"Basi kiyumbe," anasema. "Jumapili nitamwomba Kisu msamaha palepale nilipomwaibisha, aje asije. Nikimaliza, kwaya yote naileta chumba hiki. Dada atatufundisha akiwa amelala."

Jirani aliyeachiwa mgonjwa anamwekea chai. Anapiga funda moja, kikombe kinabaki hewani.

"Hivi yule fundi baiskeli, anayekaaga benchi la nyuma, nani amemwona tangu mvua zianze?"

Anaweka kikombe chini, chai bado inafuka moshi, na kabla hujamwambia "ngoja upoe kidogo," viatu vyake vinasikika nje, vinakimbilia barabarani.