Kabureta ya Marehemu Urbanus

Mwalimu Costancia alipofiwa na mumewe, watu wa Kilosa walimpa pole ya marehemu, wengine wakaongeza na pole ya gari. Maana Urbanus na Pijo lake 404 la rangi ya maziwa walikuwa hawaachani. Alilinunua kabla hawajaoana, akalitunza mwenyewe kwa mikono yake, na hakuna aliyeruhusiwa hata kufunga mlango wake kwa nguvu. Alipoondoka duniani, gari likabaki kwenye kibanda cha bati nyuma ya nyumba, likagoma kuwaka, na kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma.

Costancia hakuwa mtu wa magari. Alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, na udereva alijua kwa sababu Urbanus alimshikilia ajifunze. Lakini mayai yale yalimuuma. Akaamua gari litengenezwe.

Fundi wa kwanza, jirani yake, alifungua boneti akacheka. "Mama, hiki chuma chakavu. Tung'oe injini hii, tufunge ya Toyota, utasahau shida." Wa pili hakucheka, ila alishika nyundo kabla hata hajauliza gari linaumwa nini. Costancia akamnywesha chai, akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani.

Ndipo akasikia habari za Nikolaus wa Mikumi, fundi ambaye hagusi gari jipya, anatengeneza ya zamani tu, hasa Land Rover kuukuu zinazobeba wageni wa mbugani. Costancia hakupeleka gari papo hapo. Alipanda basi akaenda kwanza kuangalia, kama mzazi anayechunguza ukoo kabla ya kupokea posa. Akakaa kwenye benchi la gereji akijifanya anasubiri mtu. Aliona kila gari lililofunguliwa lina makopo yake, nati za hili hazichanganyiki na za lile. Akamsikia Nikolaus akimwambia mteja, "Giaboksi hii mimi siiwezi. Ipeleke Morogoro, nitakuelekeza kwa nani." Fundi anayesema siwezi! Costancia akarudi Kilosa moyo wake umetulia.

Pijo likavutwa na lori mpaka Mikumi. Nikolaus alilizunguka polepole, akamwita Yared, mtu mzima mpole wa kijiji cha Ulaya, kati ya Mikumi na Kilosa, aliyekuwa bingwa wa kabureta pale gerejini. Yared akainama kwenye injini, kisha akainuka.

"Mwalimu, hii kabureta siyo ya gari hili. Ni ya kubandika."

Costancia alikuwa anapangusa machozi, maana kuliacha gari pale kulikuwa kama kumzika Urbanus mara ya pili. Akajibu bila kusikia vizuri, "Ninyi tengenezeni tu."

Wiki zikapita. Siku moja akaenda kuona kazi ilipofikia. Gari lilikuwa limeshapigwa rangi, linang'aa. Boneti ilikuwa wazi, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kabureta. Akakumbuka jambo. Zamani Urbanus alimwonyesha kabureta ile kwa fahari, akamwonyesha na herufi U aliyoichonga mwenyewe kwa tupa, "ili hata ikiibwa nitaijua." Costancia akainama, akatafuta ile U. Haikuwepo.

Damu ikampanda kichwani. Maneno ya Yared ya siku ile yakamrudia, safari hii yana sura nyingine kabisa. Kumbe mwizi alikuwa anajiwekea kinga mapema!

"Yared, kabureta ya mume wangu iko wapi?"

"Mwalimu, nilikuambia siku ya kwanza..."

"Uliniambia ili uibe vizuri! Mwizi wewe! Mnaibia hata wajane!"

Alipaza sauti ile ya darasani, inayovuka uwanja. Watu wakageuka. Miongoni mwao alikuwepo meneja wa hoteli moja ya kitalii, mteja mkubwa wa Nikolaus kuliko wote, aliyekuja kuchukua Land Rover yake. Nikolaus alijaribu kueleza, lakini Costancia hakumpa nafasi. Yared alisimama na kitambaa cha mafuta mkononi, akiangalia chini.

Meneja yule akachukua gari lake na hakuleta jingine. Nikolaus, ili kunusuru jina la gereji, akamwambia Yared apumzike nyumbani kwanza. Kila mtu alijua maana ya kupumzika huko. Costancia aliposikia, alisema kimoyomoyo: haki imetendeka.

Kisha Emanueli, mdogo wa marehemu Urbanus, akateremka kutoka Kidete kuja kumjulia hali. Alileta maharage, ndizi, na kifurushi kizito kilichoviringishwa kwa fulana kuukuu.

"Shemeji, nasikia gari liko kwa fundi. Nikasema nilete mzigo wa kaka, waufunge."

Costancia akafungua fulana. Ilikuwa kabureta. Akaigeuza, na U ilikuwa pale pale, imepinda kidogo.

"Umeipata wapi?"

"Kaka aliniachia mwaka ule alioanza kuugua. Kulikuwa na watu wanaulizauliza habari za vipuri vya Pijo, akaogopa. Akafunga ya kubandika, hii akaniletea niifiche. Kwani hakukuambia?"

Hakumwambia. Costancia akasema ahsante, akaingia jikoni kupika, na mchele akautia kwenye sufuria isiyo na maji. Emanueli alisikia harufu ya kuungua kabla yake.

Shemeji alipoondoka, Costancia aliisukuma kabureta chini ya kitanda. Hakuna aliyejua, akajiambia. Emanueli hafiki Mikumi. Anaweza kusema ameinunua kwa wauza vyuma. Anaweza kusema chochote, nani atabishana na mwalimu mstaafu, mjane? Lakini kanisani, padri alipowataka waumini wapige kifua kwa makosa yao, mkono wake ulibaki mapajani, maana aliona kukipiga kungekuwa uongo mwingine. Miaka yote alikuwa amewafundisha watoto wa watu kwamba "samahani" ni neno jepesi. Sasa aliona jinsi alivyowadanganya.

Akapanda basi na kifurushi chake. Nikolaus alikuwa chini ya gari, hana fundi wa kumsaidia. Gereji ilikuwa na nafasi nyingi wazi.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema akijifuta mikono. Hakutabasamu, lakini shikamoo hakumnyima, na hilo lilimchoma Costancia zaidi ya tusi.

"Marahaba. Nikolaus, naomba tuongee pembeni."

Kule pembeni akafungua fulana, akamweleza yote. Nikolaus aliishika kabureta, akapitisha kidole juu ya U.

"Mwalimu, siku ile hukutuita pembeni."

Costancia akaelewa. Alirudi katikati ya gereji, mbele ya wateja wachache na mama anayeuza uji mlangoni, akasema kwamba Yared hakuiba kitu, kwamba yeye Costancia ndiye aliyesema uongo, ingawa aliusema akidhani ni kweli. Sauti ile ya darasani haikuja. Mama wa uji ilibidi aulize, "Amesemaje?" na Costancia akarudia upya.

Akaenda na kule hotelini. Meneja alimkaribisha vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, akampa pole. Kisha akamwambia kwamba magari yao wameshakubaliana na gereji nyingine. Ndivyo ilivyokuwa. Neno "mwizi" lilikuwa limetangulia mbio, na hili la pili halikulifikia.

Nikolaus alilimaliza Pijo kama alivyoahidi, akalifungia kabureta yenye U. Costancia alipomuuliza kwa nini bado anajisumbua, alijibu, "Gari halijanikosea." Siku ya kulichukua liliwaka mara moja, likanguruma kwa ule mngurumo laini ambao zamani ulimwambia aweke maji ya chai, Urbanus anaingia. Akalia akiwa ameshika usukani, na safari hii hakulia kwa ajili ya Urbanus.

Barabara ya kurudi Kilosa inapita Ulaya. Akauliza nyumba ya Yared, akaonyeshwa. Mkewe, Happyness, alikuwa anapepeta ufuta uani. Alipoona gari na mama aliyevaa vizuri, alidhani ni mteja amekuja kushukuru, akakimbia kuleta kiti, akampa maji ya kunywa, akamwita Yared kutoka shambani. Costancia alishindwa kuyanywa yale maji.

Yared alikuja na jembe begani. Costancia aliteleza kutoka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye vumbi, kitu ambacho mtu wa umri wake hakifanyi mbele ya mtu aliyemzidi umri. Yared alishtuka, akatupa jembe, akamwinua haraka.

"Usinifanyie hivyo, Mwalimu. Utaniletea laana."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nikolaus alinipigia simu, akaniambia. Ameniomba nirudi." Akatazama mikono yake. "Lakini Mikumi sirudi. Pale kila nikiinama kwenye injini, nitajua kuna mtu anaangalia mifuko yangu."

Happyness alikuwa amesimama na ungo wake. Sasa alikuwa amejua mgeni ni nani. Alichukua bilauri ya maji ambayo hayakunywewa, akayamwaga pembeni, akaingia ndani.

Siku hizi Pijo likipita Kilosa watu wanasimama kuliangalia. Kila anayeuliza limetengenezwa wapi, Costancia humwambia kwa Nikolaus, kisha humweleza na habari za Yared, hata kama muulizaji ana haraka. Wengine wanamwona kikongwe anayependa hadithi ndefu. Yared amefungua kibanda cha kutengeneza pikipiki pale Ulaya, kando ya barabara. Costancia akipita hupunguza mwendo na kupunga mkono. Kuna siku Yared hupunga naye. Kuna siku huinamia pikipiki yake, labda kwa sababu ya kazi.