Figa la Kisiwani

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na kisiwa kimoja tu duniani: kile kidogo katikati ya ziwa, nyuma ya mashamba yetu huku Msambweni. Alisema watu wa kale ndio waliokijenga, jiwe juu ya jiwe. Darasa zima tulimcheka, nami nikiongoza.

"Mawe yale ni ya baharini," alisema. "Yalifikaje huku?"

"Labda yalichoka na chumvi, mwalimu."

Kwa adhabu akanichukua nikampigie kasia. Alikuwa amekwisha kumwandikia bwana mmoja wa Mombasa, mjuzi wa magofu, aje Jumamosi. Asipopata cha kumwonyesha, angeitwa mwehu mpaka Shimoni.

Kule kisiwani, alipokuwa akipima kina cha maji kwa mti, mimi nilijipenyeza kwenye matete. Nikaona mawe matatu yamekaa pamoja, meusi upande wa ndani. Nikadhani ni mafiga ya wavuvi. Figa moja la bibi yangu lilikuwa limepasuka jana yake, basi nikabeba moja, nikalificha mtumbwini. Mwalimu akarudi mikono mitupu, nami nacheka kimoyomoyo njia nzima.

Bibi alilipachika, akateleka wali. Alipoinama kuchochea moto, akaliona lile jiwe vizuri.

"Umelitoa wapi hili?"

"Kisiwani, bibi."

"Yalikuwa mangapi?"

"Matatu."

Akateremsha chungu, wali haujaiva. "Tangu nizaliwe hapiki mtu kule. Umebomoa jiko la watu, mjukuu wangu. Wenyewe watapikia wapi?"

Nilitaka kucheka. Lakini hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama mlangoni.

Nikakimbia kwa mwalimu, nikamweleza yote. Uso ukamng'aa. "Na yale mawili yapo?"

Usiku ule mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Tulipofika kisiwani asubuhi, matete yalikuwa yamesimama majini. Tulipapasa kwa miguu hadi adhuhuri; tope tupu.

Jumamosi yule bwana aliligeuza jiwe letu. "Matatu mahali pake yangekuwa jiko," akasema. "Moja ni jiwe." Akapanda gari lake.

Mwalimu hakunichapa. Afadhali angenichapa.

Bibi hataki liingie ndani, nami sithubutu kulitupa. Liko barazani, likingoja maji yashuke nilirudishe. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, naliwekea kiganja, nihakikishe ni baridi.