Nyuzi Mbili za Baba

Nasema mapema ili nisieleweke vibaya: sina ugomvi na yule Mmarekani, mtunzi wa muziki. Nampenda tangu nilipokuwa mwanafunzi, nilipopewa kaseti yake na mwenzangu wa bweni nikaisikiliza mpaka utepe ukakatika. Alikuwa mtoto wa wahamiaji. Aliichukua jazi ya watu Weusi wa nchi yake akaiingiza katika okestra ya Kizungu, na wakubwa wa muziki wa zama zake wengine wakambetulia midomo. Leo anapigiwa makofi dunia nzima, na ni haki yake. Ugomvi wangu ni na watu waliompigia makofi siku ile mjini Nizwa, dakika chache tu baada ya kumhurumia baba yangu.

Baba ana miaka themanini na kitu. Tunakaa Ibra, huku Uarabuni, nyumba yenye mitende michache nyuma, na kila baada ya sala ya alasiri hufunga mlango wa chumba chake akapiga fidla. Aliipiga katika klabu ya taarab Unguja akiwa kijana, akaondoka nayo, na tangu aje huku hakuwahi kuipiga mbele za watu. Ibra si mji wa kutoa fidla barazani. Wanangu watatu wamezaliwa huku, Kiswahili chao ni cha kuombea maji, na wakimsikia kupitia mlangoni husema babu anakwaruza. Mimi huwaambia wanyamaze, kisha huenda nikafunga mlango wa ukumbini.

Basi tukapata mwaliko. Kituo kimoja cha utamaduni cha Nizwa kilikuwa kinaandaa onesho la kuchanganya muziki wa Mashariki na Magharibi, na mwongozaji wa okestra, bwana wa miaka thelathini na kitu, mjukuu wa watu wa Pemba aliyesomea muziki nje, alisikia habari za baba. Alitaka baba afungue kwa bashraf, ule muziki usio na maneno ambao taarab huanza nao. Baada yake wanafunzi wangepiga kazi ya Mmarekani.

Nilidhani baba atakataa. Akaniambia, "Nakwenda. Nataka wajukuu zangu wanisikie mara moja, nimekaa mbele za watu, wajue babu yao alikuwa mtu gani. Hilo tu, mwanangu. Sina haja nyingine."

Wiki sita alifanya mazoezi. Siku yenyewe aliipiga pasi kanzu yake mwenyewe, hakuniachia, na njia nzima alipakata boksi la fidla kama mtoto mwenye homa. Tulipofika Birkat al Mauz nikasimama kununua ndizi. Hakutaka hata kushuka.

Hasira yangu ilianza mlangoni, tulipogawiwa karatasi za onesho. Mmarekani alikuwa na ukurasa mzima: ujasiri wake wa kuchanganya, sikio lake lililosikia dunia mbili. Baba alikuwa na mstari mmoja: mzee kutoka Ibra atapiga ala ya asili. Ala ya asili! Nyuma ya kiti chake walikaa wanafunzi wanane na fidla nane, mbao ileile, umbo lilelile, ila zao zilikuwa violini na ya baba ilikuwa ya asili. Na nani asiyejua kwamba taarab yenyewe ni mchanganyiko? Fidla ya Mzungu, qanuni ya Misri, ngoma ya pwani, shairi la Kiswahili. Watu wetu walichanganya bila kungoja ruhusa, lakini hakuna aliyewaandikia ukurasa.

Mwongozaji alitupokea kwa heshima zote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillah. Leo tutafurahi, wallahi."

Adhana ya alasiri ikalia, baba akaniachia boksi, akaenda kusali. Mwongozaji akaitoa fidla, akazigusa nyuzi moja moja kwa kidole, akakunja uso.

"Khala, hizi nyuzi mbili za juu sauti zake ziko chini," akaniambia, akiniita mama mdogo kwa Kiarabu. "Nishikie simu, tafadhali."

Kwenye simu yake palikuwa na kipimo cha sauti, mshale unaosimama katikati uzi ukiwa sawa. Nikamshikia. Akazikaza zile nyuzi mbili mpaka mshale ukasimama, akanishukuru, akairudisha fidla kwenye boksi.

Leo najua alichokifanya. Wapigaji wa taarab wa zama za baba walizilinganisha nyuzi kwa namna waliyoipokea kwa Waarabu: mbili za juu hurudia sauti za mbili za chini, kwa wembamba, ili vidole vifanye kule juu yaleyale viliyoyafanya chini, na viteleze humo kati mpaka fidla iimbe kama mtu. Hayo si makosa. Ndiyo kazi yenyewe, na baba alizilinganisha hivyo asubuhi ile, kwa masikio yake, kabla hatujanywa chai.

Alipotoka kusali walikuwa wamekwisha kumtangaza. Wanangu walikaa safu ya mbele. Baba akaketi, akaiweka fidla begani, akaanza kwenye nyuzi za chini, na sauti ikatoka nzito na nzuri, mpaka binti yangu mdogo akaiacha simu yake. Kisha mkono ukapanda juu.

Hata asiyejua muziki alisikia. Vidole vilikwenda vilikozoea kwenda na sauti zikatoka nyingine kabisa, kali, zilizokosana na zile za chini. Baba akasita. Akajaribu tena. Mwongozaji akamwendea, akainama, nami nilikuwa karibu nikamsikia: "Babu, usiogope, nimeshaitengeneza mimi."

Baba akamtazama. Angeweza kuzilegeza zile nyuzi palepale, na watu wakaona kwamba kuna mkono uliochezea chombo chake. Lakini watu wa malezi yake hawamwaibishi mwenyeji nyumbani kwake, hata akiwa amekosa. Akaishusha fidla, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Samahani, jamaa. Mkono umenichoka."

Wakampigia makofi yale ya huruma. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji alipona kwa kumzika mgeni wake.

Baba akaja kuketi kati yangu na wanangu, na okestra ikaanza kazi ya Mmarekani. Klarineti, zumari la Kizungu, lilianzia chini likapanda. Halikupanda kwa hatua, liliteleza, likapita katika kila sauti iliyo baina ya sauti na sauti, likalia, likadeka. Ukumbi mzima ukatabasamu. Baba akaniinamia sikioni.

"Huyu wamemwacha ateleze," akasema.

Nilitoka pale nikiwaka moto. Mwongozaji alitusindikiza mpaka kwenye gari akimwombea baba afya, na mimi nikawasha gari. Tulipotoka Nizwa ndipo nilipofunguka. Nilisema nitampigia simu kesho asubuhi. Nitamwambia hajui kitu, shahada yake akaitundike jikoni. Nitamwandikia mkubwa wake. Mtu gani anagusa chombo cha mzee akiwa kwenye sala? Amekuvunjia heshima mbele ya wajukuu zako, baba, jambo moja tu ulilolitaka, moja! Nilipiga usukani.

Baba aliniacha niseme mpaka tukaipita Birkat al Mauz.

"Mwanangu," akasema, "alipokuwa akizikaza, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapohapo, baba."

"Ukifanya nini?"

"Nilimshikia simu."

"Na hukumwambia aache."

Ningeweza kusema niliona haya kumkataza mwenyeji. Angeniamini, maana yeye mwenyewe alifanya hivyo. Lakini alikuwa ameketi pembeni yangu na boksi mapajani, na uongo haukunijia.

"Nilidhani anaitengeneza," nikasema.

Tangu nizaliwe naisikia fidla ile chumba cha pili, na siku zote, bila kumwambia mtu, niliamini ina kasoro. Baba akafungua boksi, akaanza kuzilegeza zile nyuzi mbili, akizigusa kwa kidole gumba na kusikiliza, akilegeza tena, mpaka zikarudi alikotaka.

"Basi kesho," akasema, "usimpigie simu."