Pale Ambapo Greda Hajawahi Kushuka

Kazini walimwita Greda, kwa sababu ya mtambo wake, na jina likaganda. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiendesha greda kwenye barabara ya pwani, akisawazisha changarawe na kuchonga mitaro. Wiki tatu alilala kambini, wiki moja nyumbani. Watoto wake wawili walikulia katika zile wiki tatu. Kila aliporudi aliwakuta wamerefuka, wana mizaha mipya ambayo hakuelewa inachekesha wapi, naye akawa anacheka kwa kuwafuatisha tu.

Mwaka huo mtambo ulipelekwa karakana kufumuliwa injini, na msimamizi akamwambia achukue likizo yake yote kwa mkupuo. Shule nazo zilikuwa zimefungwa, mvua zimekwenda zake, jua limetulia. Greda aliingia nyumbani na habari hiyo hata kabla ya kutua begi.

"Twende pwani," alimwambia mkewe. "Wote wanne, kwa gari letu. Siku tano, tunalala kwenye hema."

Mkewe alikuwa mwokaji mikate katika kiwanda kidogo cha mtaa wa pili, na ndiye aliyepanga zamu za wenzake kumi na wawili. Alikuwa akivua viatu vilivyojaa unga.

"Nakuja," alisema. "Lakini nisikilize, baba watoto. Kazini napanga, nyumbani napanga, hata ndoto zangu siku hizi zina ratiba. Safari hii sipangi hata kijiko. Utapanga wewe na wanao."

"Mimi na wao?"

"Kwani si wanao? Au nimekosea nyumba?"

Sasa hao wana. Wa kwanza, binti wa miaka kumi na sita, aliitwa Meneja tangu utotoni, alipokuwa na kawaida ya kupanga viatu vya wageni mlangoni kufuata ukubwa. Siku hizi alikuwa amegeuka msichana wa maneno machache na mlango uliofungwa. Wa pili alikuwa wa kiume, miaka kumi na minne, jina lake Wakili. Huyo ukimwambia kumekucha, anataka ushahidi.

Greda alipanga peke yake. Alichukua fomu za kazi zilizotumika upande mmoja, akapiga mistari kwa rula, akaandika jioni mbili mfululizo. Ya tatu, walipomaliza kula, akazitandaza mezani na kukohoa kidogo kama mtu anayefungua mkutano.

"Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri," alisoma. "Saa moja na nusu, kalvati kubwa la kupitishia maji, dakika kumi. Saa tatu, daraja la nguzo sita, dakika kumi na tano. Hapo tulimwaga zege siku nne mfululizo. Saa tano, ule mlima tulioupasua..."

Wakili aliinua mkono kama yuko darasani. "Samahani, baba. Hii ni safari au ukaguzi?"

Mama akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Greda alijaribu kutabasamu, uso ukakataa.

"Ni mahali pazuri," alisema.

"Sijabisha. Nauliza tu, kuogelea ni saa ngapi?"

Greda akapitisha kidole kwenye karatasi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Kuogelea hakukuwapo. Siku tano kando ya bahari, na bahari yenyewe alikuwa ameisahau.

Meneja alisimama, akakusanya sahani, akaenda zake. Mlango wa chumba chake ulifungwa polepole. Angeubamiza, baba mtu asingeumia kiasi kile.

Kesho yake mchana Greda alikuwa uani, ameinamia injini ya gari lao kuukuu, anakaza skrubu ambazo hazikuwa zimelegea. Meneja akatoka na zile karatasi mkononi. Alikuwa amezisoma zote, na pembeni kulikuwa na alama ndogo za penseli.

"Baba, hapa umeandika, 'Mawe meupe, kona kali, hakuna kusimama.' Chini yake kuna nini?"

"Chini wapi?"

"Chini ya barabara. Upande wa maji."

Greda alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Kona ile alikuwa ameipita mara zisizo na hesabu, macho kwenye changarawe.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kushuka."

"Miaka yote hiyo?"

"Mwanangu, jioni unakuwa hoi. Unawaza kuoga na kulala. Bahari nilikuwa naisikia tu, kama redio ya jirani."

Meneja alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kimemtoka bila ruhusa.

"Na hapa darajani?"

"Hapo nilishuka mara moja, upepo uliponipokonya kofia. Nilichokiona ni kofia."

Binti akavuta ndoo, akaipindua na kuikalia. "Basi tuanze upya. Tusimame palepale usipopajua. Wewe utatuonyesha gari linaweza kutoka wapi barabarani bila kuzama mchangani. Hilo nani mwingine analijua?"

Wakaitana. Wakili alikabidhiwa maji ya kunywa, akashika chaki na kuthibitisha kwenye ukuta wa choo kwamba lita ishirini hazimfikishi mtu popote. Hakuna aliyempinga, jambo lililomkera. Meneja aliandika orodha mpya, ya karatasi moja, ikiwa na nafasi nyingi nyeupe. Greda alijibu maswali. Mchanga huu mgumu au laini? Maji yakijaa yanafika wapi? Mengi aliyajua kuliko alivyodhani, na kila alipojibu, kalamu ya binti yake iliandika.

Jumamosi walijaribu hema uani. Lilikuwa la kuazima, vigingi vimepotea, wakatumia misumari mirefu ya Greda. Liliposimama, wote wanne waliingia kulala ndani waone litawatosha. Miguu ya Wakili ikabaki nje hadi katikati ya goko.

"Wewe umerefuka lini hivi?" mama aliuliza.

Greda aliitazama miguu ile. Alikumbuka ilivyokuwa inaenea kwenye kiganja chake kimoja.

"Lala mshazari," mama akaamuru. "Meneja, sogea huku. Baba watoto, kichwa upande ule. Mabegi miguuni."

"Umepanga!" watoto wakapiga kelele. "Mama umepanga!"

Wakacheka hadi hema likawaangukia.

Siku ya safari waliondoka saa mbili badala ya saa kumi na moja, maana Wakili alikuwa akitafuta ndala alizokuwa amezivaa. Kabla ya adhuhuri wakafika kwenye mawe meupe. Greda alipita kona, akaegesha mbele kidogo, pembeni palipokuwa papana na pagumu. Kulikuwa na kijia kati ya vichaka. Alishuka wa mwisho, viatu mkononi, akijaribu kila jiwe kwa unyayo kama mtu anayeingia nyumba ya watu.

Chini kulikuwa na ghuba ndogo, mchanga wa chembe kubwa, na maji meupe kiasi cha kuona vidole vyako. Watoto walishajitosa. Greda aligeuka kutazama walikotoka, akauona ukuta wa mawe unaoshikilia barabara, mrefu kama nyumba ya ghorofa, umeota majani kwenye viungo.

Meneja akaja, nywele zinachuruzika. "Ule mliujenga ninyi?"

"Sisi. Mimi nilikuwa nasukuma mawe, wenzangu wanayapanga."

"Ukiwa juu hata hauonekani."

"Hauonekani."

Binti akautazama kwa muda. "Ni mzuri, baba."

Greda akaingia majini na suruali yake.

Hawakuondoka hapo siku hiyo wala iliyofuata. Mama alisoma gazeti zima kivulini bila kuinuka. Orodha ya Meneja ilikuwa na vituo vitano, wakafikia vitatu, na mabega ya Wakili yalibabuka hata shati likawa adui yake. Waliporudi nyumbani siku moja kabla ya muda kwa ajili yake, alilalamika kwamba hukumu imetolewa bila yeye kusikilizwa.

Jioni hiyo mama alisinzia kwenye kochi, mchanga bado masikioni. Hakuna aliyemwamsha. Watatu wale waliingia jikoni, wakabishana kwa kunong'ona nani akatekate vitunguu, wakaunguza mayai, wakakaanga mengine. Siku tisa za likizo zilikuwa bado. Meneja aliweka sahani mezani, akavuta kiti cha karibu na baba yake, akaketi.